Sarafu Saba za Mzee Ndunda

"Weka ufunguo hapo mezani," Laban alimwambia dada yake, "na mikono yako ikae mahali naiona."

Kamanthe akauweka. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la chumbani kwa baba yao, Mzee Ndunda. Kwa miaka minne ni yeye peke yake aliyeubeba, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyebaki Muthetheni kumpikia mzee, kumchotea maji ya kuoga na kumpeleka kliniki. Laban alikuwa na kazi yake Athi River. Alikuja kwa sikukuu na kwa mazishi.

Leo haikuwa sikukuu wala mazishi. Alikuwa amekuja na mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Pauline, mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la makumbusho huko pwani, akipanga sarafu za kale. Siku hizi alifuga kuku Katelembo. Alitoa mkobani lenzi, mizani ndogo kama ya sonara, pamba na chupa ya spiriti, akavipanga mezani bila kumtazama mtu.

Mwezi mzima Laban alikuwa akimpigia baba yake simu. Ati amesikia kuna watu mjini Machakos wanauza sarafu za zamani. Ati Kamanthe ameonekana na simu mpya. Ati yeye hamsingizii mtu, lakini kuhakikisha kuna ubaya gani?

Sarafu zenyewe zilikuwa saba, za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu. Babu yake Mzee Ndunda alirudi nazo alipokwenda pwani na misafara ya pembe za ndovu, na hakuna kitu kingine cha babu huyo kilichobaki. Mzee alisikiliza simu moja baada ya nyingine. Mwishowe akatoa neno: kama zimebadilishwa, aliyezibadilisha ataondoka hapa nyumbani, na asitarajie hata kipande cha shamba.

Shamba la chini, lile la kando ya mto, lilikuwa limeahidiwa Kamanthe. Hilo Laban hakuwahi kulitaja kwenye simu.

"Umewahi kulifungua hilo sanduku?" Pauline akamwuliza Kamanthe.

"Mara moja. Kabla ya Krismasi, nikipanguza vumbi."

"Mara moja," Laban akarudia polepole, kama mtu anayetaka neno likumbukwe.

Mzee Ndunda akatoka chumbani akiburuta miguu, mkono mmoja ukutani. Sarafu alikuwa amezifunga kwenye leso. Akazimwaga mezani, akaketi, akaegemea fimbo yake.

"Madam, anza na ukingo," Laban alisema. "Za bandia huwa na mstari mwembamba, pale vipande viwili vya kalibu ya kumiminia shaba vinapokutana. Halafu hiyo rangi ya kijani, ipanguse na spiriti. Kama ni ya kupakwa, itatoka."

Pauline akamtazama juu ya miwani. "Umesoma."

"Niliona kwenye simu tu."

Akachukua ya kwanza. Akauzungusha ukingo wake chini ya lenzi, akaipima, akaipangusa, akaandika kitu. Akachukua ya pili. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa, hajaigusa, na Kamanthe hakupenda jambo hilo. Aliitazama mikono ya yule mama. Alijiuliza kaka yake amempa nini, na kama mtu anaweza kubadilisha sarafu mbele ya watu watatu bila kuonekana.

Ya tano Pauline aliipima mara mbili. Akaisogeza karibu na dirisha. Kisha akaiweka kando, peke yake.

Laban akavuta kiti mbele. Kamanthe akaanza kuzihesabu nguo zake kichwani: zingeenea kwenye begi moja.

"Baba, mimi sijagusa kitu," alisema.

"Ngoja," mzee akajibu. Hakumtazama.

Pauline akamaliza ya saba, akafunga chupa.

"Hii ya tano ilinitia wasiwasi," alisema. "Lakini ni mkwaruzo tu, tena wa zamani. Mzee, hapa hakuna hata mbili zenye uzito mmoja, wala zenye herufi zilizokaa sawasawa. Kila moja ilitengenezwa kivyake. Na pamba, si unaiona? Nyeupe vile vile." Akavua miwani. "Ni za kweli. Zote saba."

Kamanthe akajifunika uso kwa mikono na kuanza kulia.

"Hapana!" Laban alikuwa amesimama. "Angalia tena. Hiyo rangi ni ya kupakwa, mimi mwenyewe niliona fundi akizi—"

Akafunga mdomo.

"Uliona wapi?" Pauline akauliza.

Mzee Ndunda alikuwa akizirudisha sarafu kwenye leso, moja moja, bila haraka.

"Hizi hazijawahi kulala kwenye sanduku, Laban," alisema. "Zile ulizobeba Pasaka, ulipomwibia dada yako ufunguo, nilizinunua Mombasa, kwa wale wanaouzia watalii. Zote saba, shilingi mia mbili."