Mti Ulioinamia Nyumba

Mti ulihukumiwa kifo wakati wa chai ya asubuhi, na haukupewa nafasi ya kujitetea. Hakimu alikuwa mwenye nyumba, fundi mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho. Wakili wa mti alikuwa mkewe, msusi, aliyekuwa akisuka wateja chini ya kivuli hicho tangu walipohamia. Bila kivuli hana kazi, maana hakuna mwanamke mwenye akili zake atakayekubali kukaa juani huku anavutwa nywele.

"Unainama," alisema Jicho. "Kila mwaka unazidi."

"Mimi nashinda chini yake, mbona sijauona?"

"Ukiwa chini yake utauonaje? Njoo huku barazani."

Msusi akaenda, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaulinganisha mti na nguzo ya baraza kama alivyoelekezwa. Kumbe kweli. Chini, shina na nguzo viliachana vizuri. Juu, vilikaribia kupigana busu. Akainuka. Roho ilimuuma, lakini macho yake mwenyewe yalikuwa yamemsaliti.

Kwa mambo ya kunyooka, Jicho hakuwa mtu wa kubishiwa. Jina lenyewe alilipata kazini. Wenzake walihangaika na timazi na pimamaji. Yeye alirudi nyuma kidogo, akakodoa, akatangaza kwamba ukuta uko sawa. Vifaa, alipenda kusema, ni fimbo ya kipofu. Nyumba yake aliijenga hivyo hivyo, kuanzia msingi hadi bati. Binti yao alipojifungua na kurudi kukaa kwao, akampandishia chumba cha juu, haraka haraka, kwa mapenzi tele na bila kumsumbua mhandisi yeyote.

Tangu siku hiyo mti ulizidi jeuri. Kwanza majani yalikuja kupapasa dirisha la juu. Baadaye tawi zima likawa linagonga kioo, na nyuma ya kioo hicho ndipo alipolala mjukuu. Mlango wa chumba ukaanza kujifungua wenyewe; Jicho akasema ni mizizi inasukuma. Ngazi zikapata ufa, mizizi tena. Mafuta kikaangoni yakawa yanakimbilia upande mmoja na kuacha mayai yakiungulia upande wa pili. Hapo alikiri kwamba huenda kikaango ndicho kimepinda, kwani yeye si mtu wa kusingizia mizizi kila kitu.

Lakini hofu yake haikuwa ya mzaha. Upepo ukivuma tu, alisukuma sahani pembeni, akapanda juu, akamchukua mjukuu na kukaa naye sebuleni hadi hali itulie. Alimpenda mtoto yule kuliko alivyowahi kumpenda yeyote, na hakuona haya kulisema.

"Mti ukimwangukia huyu, mtuzike pamoja," alimwambia mkewe. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Basi mkata miti akaja na msumeno wake wa injini na kamba zake. Aliuzunguka mti, akaupiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Unainamia wapi, mzee?"

"We huoni?"

"Naona, naona," alijibu upesi, kwani mteja akisema mti unainama, mti unainama. "Umeinama vibaya mno. Sijui mlikuwa mnapataje usingizi humu."

Binti alimbeba mwanawe, akavuka naye barabara hadi kwa jirani. Msusi akaondoa kigoda chake na kioo chake, taratibu, kama mtu anayehamishwa kwa amri ya mahakama. Mkata miti alifunga kamba kileleni ili mti uvutwe mbali na nyumba, akawaonya kwamba mti uliozoea kuinama upande mmoja huwa mbishi kugeuzwa.

Haukubisha. Ulikatwa, ukavutwa kidogo, ukalala palepale walipoutaka, kwa adabu ya ajabu kwa mti uliokuwa na nia ya kuua. Mkata miti akasema hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mbabaishaji.

Vumbi lilipotua, Jicho alishusha pumzi aliyoishikilia kwa miaka. Machozi yalimlengalenga.

"Mrudishe mtoto chumbani kwake," alimwambia binti, aliyekuwa amerudi kutoka kwa jirani. "Leo alale kwa raha zake."

Binti akapanda naye juu.

Msusi alikuwa ameketi juu ya gogo, jua likimchoma utosi. Jicho alimwekea mkono begani.

"Nisamehe, mama watoto. Nitakujengea kibanda cha kusukia. Kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kijenge," alisema msusi. "Ila wateja walikuwa wanafuata upepo, si kuta."

Jicho akautoa mkono begani. Akatoka, akavuka barabara ili aitazame nyumba yake. Miaka yote matawi yalikuwa yameifunika. Kutoka barabarani hakuna aliyewahi kuiona yote, juu hadi chini, wala yeye aliyeijenga. Majirani walikuwa wamekwishajipanga upande ule, wengine wameshika midomo. Jicho aliwapungia mkono kwa unyenyekevu kidogo, kama inavyompasa mtu anayesifiwa, kisha akageuka.

Pembeni ya nyumba, mahali majani yalipokuwa yameificha, ilisimama nguzo ya umeme, wima kabisa. Chini, kati ya nguzo na nyumba, gari lingepita. Juu, kona ya chumba cha mtoto ilikuwa inakaribia kuigusa.

"Mtoeni mtoto!" alipiga kelele, tayari anakimbia. "Mtoeni mtoto ndani!"