Dira Isiyompenda Kepteni

Kwa mara ya tatu mwezi huo, kepteni alikuwa ameandika kwenye kitabu cha ndege: "Dira na GPS hazipatani. Fundi aangalie kazi yake." Maandishi makubwa, yamepanda juu ya mistari, ya mtu mwenye hasira.

Fundi aliyasoma akasonya. Meneja alikwishamwambia waziwazi: likija lalamiko la nne, rudisha kitambulisho na funguo za karakana. Miaka kumi na tisa ya kufungua na kufunga ndege, leo aonekane hajui kazi! Tena anayemchongea ni shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja.

Kilichomkera zaidi ni kwamba ndege haikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa ameizungusha uwanjani, kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na dira ikajibu sawasawa kila upande. Antena ya GPS alishaibadilisha. Alipekua chini ya viti akitafuta spika, sumaku, hata nyundo iliyosahauliwa, maana dira ikikaa karibu na vitu hivyo huchanganyikiwa. Hakuna kitu. Na yule rubani mwanamke anayeirusha ndege hiyohiyo kila Alhamisi hajawahi kulalamika hata siku moja. Haya, dira gani hiyo inayochagua mtu?

Basi akafungua kumbukumbu za GPS, na hapo ndipo shaka ilipomwingia kwelikweli. Safari zote tatu za kepteni, mstari ulikwenda umenyooka, halafu karibu na bonde la mto ukapinda kushoto, ukazunguka mara mbili, mara tatu, ndipo ukarudi njiani. Anatafuta nini huko? Anadondosha mzigo? Anauchukua? Mtu mwenye njia zake za panya lazima awe na cha kusingizia, na dira haina mdomo wa kujitetea.

Akampigia simu dada yake, akamuuliza kwa kuzungukazunguka kama shemeji ana shughuli nyingine pembeni. Dada akashusha sauti.

"Mdogo wangu, mwache mume wangu afanye kazi," akasema. "Nina watoto wanne wa kusomesha. Usimchokonoe."

Usimchokonoe! Kwa hiyo hata yeye anajua. Fundi alikata simu moyo ukimuuma. Kumbe wanakula wote, na yeye ndiye wa kutolewa kafara.

Siku iliyofuata alifika uwanjani kabla ya mtu yeyote, bisibisi mfukoni. Alifanya alichokuja kufanya, akaketi kiti cha mbele, upande wa pili wa rubani, akangoja. Alitaka kumwona shemeji yake anavyoshtuka.

Abiria watano walifika saa tatu kasoro robo, wakajibana nyuma, wakafunga mikanda. Kepteni akaja mwisho, shati limenyooka, mabega juu, sauti imejaa uwanja mzima.

"Mwenye woga afumbe macho," akawatania. "Hata mimi mwenyewe hufumba!"

Abiria wakaangua kicheko. Kepteni akapanda, akajiweka kitini, ndipo fundi alipokohoa.

"Nani huyo?"

"Mimi, shemeji."

"Ala! Umekuja kunichunga?"

"Nimekuja kuangalia kazi yangu, kama ulivyoandika." Fundi akamsogezea karatasi yenye michoro ya zile safari tatu. "Hapa bondeni huwa unatafuta nini?"

Kepteni hakuitupia jicho. "Mimi si karani wa kusoma makaratasi. Nazunguka kwa sababu dira yako inanipoteza. Mara ngapi nikwambie?"

Alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, na jasho limemtoka juu ya mdomo, pamoja na baridi yote ya asubuhi ile. Fundi aliliona lile jasho, akasema moyoni: leo nimekupata, baba. Huruma ilimgusa kidogo kwa ajili ya wale watoto wanne, akaifukuza. Hata yeye ana watoto wake.

"Basi tusaidiane," akasema kwa upole wa kinafiki. "Mimi naona iko sawa. Hebu niambie, sasa hivi inasomaje?"

Kepteni akanyoosha shingo kuelekea juu ya kioo cha mbele, mahali pa dira. Akakunja uso. Akasogea karibu zaidi, kisha akanyoosha kidole na kupaza sauti ili hata abiria wasikie.

"Si hii hapa? Digrii mia mbili na kumi, kusini-magharibi! Na ndege imeelekea mashariki kabisa. Halafu nikiandika mnasema namwonea shemeji yangu!"

Nyuma yao watu watano walikuwa wametulia, wakisubiri injini iwake. Kidole cha kepteni kilikuwa kinaonyesha kioo kitupu. Dira yenyewe fundi aliifungua tangu alfajiri, na ilikuwa mapajani mwake, imeviringishwa kwenye kitambaa.