Uzoefu wa Nguchiro

Kuku mmoja mpenda taratibu alitafuta mlinzi wa vifaranga wake kumi. Akaja Nguchiro, kijana mwenye cheti cha kuua nyoka.

"Shikamoo, mama. Naomba kazi."

"Marahaba. Una uzoefu wa vifaranga?"

"Sina. Kila ninakoomba wananiuliza hilohilo."

"Basi kautafute kwanza, mwanangu."

Nguchiro akaondoka na njaa yake. Tangu hapo vifaranga wakawa wanapotea mmoja mmoja, na kila alipopotea mmoja, Kuku alitangaza kwamba sasa anataka mlinzi mwenye uzoefu zaidi.

Mwezi ulipokwisha, Nguchiro alirudi amenenepa.

"Uzoefu ninao, mama. Vifaranga kumi."

"Umeupata wapi?"

"Hapahapa kwako."

Kuku akatazama banda tupu, akayasoma tena masharti yake, hakuona kasoro. Akamwajiri siku ileile, alinde banda.