Bima Inaisha Ijumaa

"Bima za maisha ziko aina mbili, mama," wakala aliniambia. "Ipo ya maisha yote na ipo ya muda. Ya mumeo ni ya muda, miaka kumi. Inaisha Ijumaa. Akifariki baada ya hapo, hamlipwi."

Nilirudi wodini na mkataba mkobani. Tangu juzi mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akisema bora afe mapema, watoto wapate kitu.

Nilimkuta ameshika vidonge vyake, hajavimeza.

"Wamesemaje, mama watoto?"

"Ni ya maisha yote," nikamwambia. "Hata ukifa na mvi zako, tutalipwa. Meza dawa."

Alinitazama usoni. Akaviweka vidonge mezani, kimoja kimoja, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe mkataba niusome mwenyewe."