Kioo cha Bi Mwanakombo

Siku hizi nyumba hazina tena bomba la kuzungusha wala kitasa. Maji na mlango vyote vimo katika kioo cha ukutani, laini kama ganda la yai. Anayeona hugusa picha, asiyeona hupewa sauti ya kumwongoza.

Bi Mwanakombo haoni tangu surua ya utotoni, na sauti alikuwa nayo. Juzi kioo kilitaka uhakiki wa mwaka, kujua kama bado haoni, na jirani yake Shemsa, kwa huruma, akamgusia picha zote bila kukosea. Kioo kikaandika kwamba bibi anaona. Sauti ikanyamaza.

Leo ni siku ya pili hana maji, na mlango, unaofunguliwa kwa kioo cha ndani tu, haufunguki. Shemsa yuko nje, mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Bibi, gusa juu kidogo, kushoto."

"Picha ya maji ilikuwa hapo juzi, mwanangu. Picha hazilali mahali pamoja, zinaogopa wezi."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Ungekuwa mvivu kama dada yako, saa hizi ningekuwa nakunywa chai."

Ombi la kurudishiwa sauti wameshalipeleka kwa wenye vioo, bado linangoja. Ulimi umemkauka bibi. Akagusa popote tu, na maji yakatiririka. Akayakinga kwa viganja, akanywa, akacheka peke yake.

"Shemsa, nimeyapata."

Shemsa alikuwa akisoma kioo cha nje ya mlango, kinachotoa taarifa tu.

"Umenisikia?"

"Wameandika umegusa mwenyewe, bibi, basi unaona. Ombi la sauti wamelifunga."

Maji yakakatika. Bibi akarudisha kidole pale pale, hapakutoka kitu; picha ilikuwa imeshahama.