Mzazi wa Nane kwenye Foleni

Swali la mwisho kwenye fomu alilitunga Daktari Mbabazi mwenyewe, na leo hakutaka kuliuliza: nani alichelewa?

Miaka ishirini na sita amezalisha na kufundisha Mbarara, na utafiti wake wa vifo vya wazazi humleta kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nyumba kwa nyumba. Amechoka, jamani, amechoka mpaka mifupa. Lakini faili hili la Orpa wa mtaa wa Juru lilimnyima usingizi, maana aliyechelewa safari hii anamjua. Ni yeye.

Siku ile wodi ilifurika: wanawake wanane, yeye na wanafunzi wawili. Akakusanya kadi za kliniki, akapanga foleni kama anavyofundisha, wenye mimba ya kwanza mbele, wazoefu nyuma. Nyuso hakuzitazama, nani ana muda? Kadi ya Orpa ilionyesha amezaa mara nne, zote salama. Akawekwa wa nane. Zamu yake ilipofika, mama na mtoto walikwisha kufa.

Mwanamke aliyempokea Juru alimtandikia mkeka kando ya maharage yaliyoanikwa, akampa kikombe cha maziwa. Alisema yeye na marehemu walizaliwa tumbo moja. Watoto wanne walimzunguka wakimwita mama, na daktari akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba yatima wamepata mlezi.

Akaanza na uzazi wa nyuma. Mwanamke alijibu bila hata kufikiri: wa kwanza alizaliwa alfajiri, wa pili njiani kutoka shambani, wa tatu na wa nne bila shida yoyote. Daktari akashusha pumzi. Basi kadi ilikuwa kweli. Hata leo angeisoma vilevile, na angepanga foleni vilevile.

Pengine unafuu huo ndio uliomfungua mdomo. Aliweka kalamu chini, akaeleza yote, kadi, foleni, ile nafasi ya nane, kisha akaomba msamaha, yeye profesa mzima, machozi yakimtoka.

Mwanamke akawatuma watoto wakachote maji, wote wanne. Walipokwenda akauliza kwa sauti ya chini kama mtu akisema ukweli anaweza kufukuzwa kambini. Daktari akamwambia hakuna atakayemfukuza, na fomu zake hazisomwi na polisi.

"Muko mutu muzuri, Mama Daktari," alisema yule mwanamke. "Mudogo wangu Sidonie alikuwa ametoka tu Kongo, hana karatasi hata moja. Tuliogopa hawatamupokea. Nikamupatia kadi yangu."

Daktari hakuelewa. Akasoma tena jina lililoandikwa kwenye faili.

"Orpa ni miye," akasema. "Yeye, ilikuwa mimba yake ya kwanza."