Nafasi ya Shingoni

"Shingoni uliniahidi mimi, dada Korongo!" Pimbi alifoka. "Tai aliniita nikamkataa. Kuvuka ziwa hili navuka na wewe tu."

"Nakuthamini sana, abiria wangu wa siku zote," Korongo alijibu kwa upole. "Lakini Nguchiro amefika sasa hivi na samaki. Wewe kaa mkiani."

"Mkiani kuna upepo. Baridi itaniua!"

"Basi leta samaki wawili."

Pimbi hakuwa na samaki. Alivuka ziwa akiwa ameng'ang'ania mkia, akitetemeka, huku Nguchiro akikoroma kwenye manyoya laini ya shingoni. Walipotua, Nguchiro alienda zake bila hata kuaga. Pimbi akaingia pangoni kwake, akawasha moto.

Punde mvua ya mawe ikaanza kumpiga Korongo mabawani. Alikimbilia pangoni akabisha hodi.

"Nifungulie, mdogo wangu! Mimi na wewe si tumetoka mbali?"

Pimbi alichungulia mlangoni.

"Nakuthamini sana, dada yangu wa siku zote," alisema. "Subiri hapo nje kidogo. Asipotokea mwenye samaki, nitakuita motoni."